Mama wa Kuazima

Wazo lilikuwa la Benoît, lakini mdomo uliolipeleka kwa mama ulikuwa wa Daniella. Hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kulikwepa, kila alipojaribu kulitua juu ya mabega ya mwenzake.

Walikuwa wameketi kwenye ngazi za darasa lake, Alhamisi alasiri, wanafunzi wakiwa wamekwisha kutawanyika. Mijakaranda ilimwaga maua barabarani na hapakuwa na wa kuyafagia. Likasi ya mwaka ule ilikuwa na mengi yasiyofagiwa. Benoît alikuwa ametoka soko la Kikula, ambako yeye na mama yake waliuza vikwembe, na mikono yake ilikuwa bado na harufu ya nguo mpya. Daniella aliipenda harufu hiyo kuliko marashi. Kijana huyo akiwa mbali, aliitafuta kwenye kiganja chake mwenyewe, pale aliposhikwa mara ya mwisho.

"Mama anakuya siku ya posho," Benoît akasema.

"Hii Jumamosi ya kesho kutwa?"

"Hii hii. Na papa Kalombo, kaka yake. Banataka kwanza kuona nyumba na bazazi, kisha tutaongea mambo ya mahari."

Moyo wa Daniella ulipanda, kisha ukakwama njiani. Alimtazama Benoît, na Benoît akatazama viatu vyake.

"Ulimwambia nini juu ya mama yangu?"

"Nilimwambia anauzishaka mukate."

Hakuna mtu wa mtaa wa Panda ambaye hakujua kwamba mama Henriette hauzi mkate. Nyuma ya nyumba yao, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, palikuwa na pipa jeusi, bomba la shaba lililopinda, moto usiozimika, na benchi la wanywaji. Alikuwa anapika lutuku, ile pombe kali ya mahindi na muhogo inayotoka tone kwa tone, ikichoma koo kama dawa ya kidonda. Alianza siku mshahara wa mume wake ulipoacha kufika. Kwa pipa hilo Daniella alimaliza masomo ya ualimu. Kwa pipa hilo nyumba ilikula bukari, ugali wa kila siku.

"Unajua papa yangu alikufa namna gani," Benoît akasema kwa sauti ya chini.

Daniella alijua. Jean-Claude, baba yake Benoît, alikuwa fundi wa treni. Lutuku ilimpofusha kwanza, kisha ikammaliza. Tangu siku hiyo mkewe, mama Anne, aliyekuwa shemasi katika kikundi chao cha maombi, akiona benchi la lutuku alivuka barabara akatembea upande wa pili.

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Iko mama mudogo Jenny. Yeye na mama yako banafanana. Siku moya tu, Daniella. Akae pale, apokee bageni. Kisha ya ndoa tutasema ukweli polepole."

Alipaswa kuinuka aende zake. Badala yake aliyatazama macho ya Benoît, macho makubwa yenye kope ndefu kama za mtoto, yaliyokuwa yanamsihi, akaona ndani yake nyumba yenye mapazia na mlango usiobishwa na walevi. Akauliza, "Na mama yangu atakuwa wapi?"

Kwa kuuliza hivyo alikuwa amekwisha kukubali. Wote wawili walilijua, na ndiyo maana hawakutazamana tena mpaka walipoagana.

*

Mama Henriette alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyobabuka kwa mvuke mpaka viwikoni. Ijumaa asubuhi Daniella alimkuta akichochea moto, kichwa amekiinamisha kukwepa moshi.

"Mama, bageni banakuya kesho."

"Najua. Nimeshalomba samaki kwa yule mama wa Mwadingusha. Atanichagulia ya mukubwa."

"Mama ya Benoît hapendi lutuku."

"Na nani anaipenda? Minye?" Henriette akacheka kidogo. Lakini alipoona binti yake hacheki, akatua kijiti cha moto.

"Bwana yake alikufa nayo."

"Oh. Pole yake." Alikaa kimya kwa heshima ya marehemu asiyemjua. "Basi tutaficha pipa. Nitaiweka kwa Élise, pale jirani, na benchi vilevile. Na ile harufu, tutachoma majani ya limau."

"Haiko pipa tu, mama."

Moto ulilia. Tone moja la lutuku likadondoka ndani ya chupa, kisha lingine. Daniella alitaka ardhi imfunike. Alikuwa amejifunza maneno ya kusema, yenye adabu na sababu, lakini yote yalimkimbia, akabaki ameinamisha kichwa akihesabu vidole vya miguu yake. Mama yake alimtazama, akaitazama mikono yake mwenyewe, akaishusha taratibu ndani ya kikwembe chake.

"Nani atakaa pa kiti yangu?" akauliza.

"Mama mudogo Jenny."

Henriette akafikiri.

"Jenny hajui kupika samaki," akasema.

Aliinama akapuliza moto, na baada ya kitambo, akiwa bado amempa mgongo, akaongeza, "Nitapika kwa Élise. Nitapitishia vyungu pa ua. Papa yako anasema nini?"

Papa Gaston hakuwa amesema kitu. Alikuwa mtu wa tanuru, mkuu wa zamu, aliyeamini kwamba mfanyakazi husubiri haki yake akiwa amenyoosha mgongo, shati safi, bila kuiba na bila kuomba. Hakuwahi kulitaja jina la lutuku ndani ya nyumba yake, aliiita "ile kazi yako." Usiku uliotangulia, shemeji yake Jenny alipomweleza mpango huo, alikuwa amekaa na redio isiyo na betri mapajani, akaendelea kuzungusha kitufe chake.

*

Daniella alikuwa amemngojea mwanamke mkali. Mama Anne aliyeingia Jumamosi alikuwa mrefu, kitambaa cheupe kichwani, viatu vilivyoshonwa zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza alilofanya ni kuushika uso wa Daniella kwa mikono miwili.

"Njo huyu?" akamwambia mwanawe. "Ulisema muzuri. Ulisema kidogo."

Benoît akatabasamu akiwa amesimama nyuma ya mama yake. Kwa muda ule mfupi, macho yao yalipokutana juu ya kitambaa cheupe, Daniella aliamini kwamba mambo yatapita salama.

Mama mdogo Jenny alikuwa amevaa kikwembe kizuri cha dada yake. Aliketi kwenye kiti cha dada yake, karibu na shemeji yake Gaston aliyetia tai, na kila alipoitwa mama Henriette alichelewa kidogo kuitika. Mjomba Kalombo, mzee mcheshi mwenye tumbo dogo, aliyasifu mapazia na picha ya harusi ukutani; kwa bahati picha ilikuwa imefifia.

Wakati wa chakula ulipofika, Daniella akatoka nyuma. Kwenye ua wa majani uliotenga nyumba yao na ya Élise palikuwa na upenyo. Mikono miwili ilitokea humo, imebeba chungu kwa kitambaa. Ilikuwa mikono tu, bila uso.

"Angalia, iko moto," sauti ikasema.

"Asante, mama."

"Bamefika bote? Mama yake iko namna gani?"

"Iko muzuri."

"Basi. Enda, bisipoe."

Daniella alikibeba chungu kile sebuleni kama anayebeba kitu cha wizi.

Walikula samaki wa Mwadingusha na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa laini, na bukari iliyosongwa hata haina donge. Mama Anne alikula polepole, kisha akaacha mkono juu ya sahani.

"Mama Henriette, unatiaka nini mu hii samaki? Tangu bwana yangu alikufa sijakula hivi."

Jenny akapapasa meza kwa macho. "Ni... chumbi tu, mama. Chumbi na nyanya."

"Chumbi na mapendo," akasema Kalombo, na wote wakacheka, isipokuwa Gaston.

Mazungumzo yalianza vizuri, yakaenda kule yanakoenda mazungumzo ya wazee: namna watu wanavyoishi siku hizi. Kalombo alisema kijana mmoja wa mtaa wao alikamatwa akibeba nyaya, na mama yake akalia kwa sababu alikamatwa, si kwa sababu aliiba.

"Njo hapo tunapotea," Mama Anne akasema. "Muntu anapashwa kuweza kusema hapana ata kama tumbo inalia. Bila vile tutakuwa nyama ya pori."

"Dada, njaa haisomake Biblia."

"Njaa iko na mwisho, Kalombo. Zambi unayoingiza mu nyumba haitoke." Kisha, kwa upole, kwa kuwa alimheshimu, akamgeukia mwenye nyumba. "Papa Gaston, weye ni muntu wa kazi. Unasema nini? Bibi mwenye kuuzisha lutuku juu ya kulisha batoto, iko na kosa ao hana?"

Swali hili hakulitega. Mwanamke yule alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza mtu aliyeumia, akitafuta wenzake. Benoît alikuwa akikata mfupa wa samaki vipande vidogo sana. Kutoka upande wa pili wa ua ilisikika sauti ya mwiko ukisugua sufuria.

Gaston akakohoa. Akaigusa tai yake.

"Ni mubaya," akasema. "Mu nyumba yangu, hapana."

Upande wa pili mwiko ukanyamaza.

Hakuna mgeni aliyegundua. Mama Anne akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini Daniella alimtazama baba yake, na baba yake alikuwa anatazama sahani yenye samaki aliyenunuliwa kwa lutuku, na paji la uso wake lilikuwa limelowa jasho. Kumwona mzazi akiwa na haya ni jambo gumu. Daniella alijua ni yeye aliyemketisha pale.

"Mama," Anne akasema akimgeukia Jenny, "mbele ya kuongea mambo mengine, nilombe kwanza kwa Mungu. Nipe mikono yako. Nataka kubariki hii mikono ilimulea huyu mutoto."

Akaichukua mikono ya Jenny, laini na yenye kucha ndefu, akafumba macho. "Baba, hii mikono iliamukaka asubuhi, iliosha, ilipika..."

"Hapana ile," Daniella akasema.

Mama Anne akafumbua macho.

Daniella alikuwa amesimama. Hakukumbuka kusimama. "Pardon, mama. Hapana ile mikono. Huyu ni mama mudogo yangu, Jenny. Mama yangu iko kwa jirani. Njo yeye alipika hii samaki. Hauzishake mukate. Anapikaka lutuku, hapa nyuma, tunafichaka pipa asubuhi... tulificha pipa, na yeye tukamuficha vilevile."

Akageuka kumtafuta Benoît. Alimngoja. Neno moja lingetosha, hata mkono wake juu ya meza. Benoît aliendelea kuutazama mfupa wa samaki.

"Benoît," Kalombo akasema, na ucheshi wote umemtoka. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hii akili ni ya nani?"

Jenny akaanza kulia kidogo ndani ya kikwembe kisicho chake.

"Ya minye," Benoît akasema.

Mama Anne aliiachia mikono ya Jenny na kuirudisha mapajani kwake, kana kwamba ni vitu dhaifu. Daniella alingoja hasira. Ingemsaidia. Lakini uso wa yule mama ulikuwa umeporomoka tu, umezeeka.

"Basi ni minye," akasema. "Kama mutoto yangu anaogopa kunisemea ukweli, zambi ya kwanza iko mu nyumba yangu." Akainuka. "Iko wapi, mama yako?"

*

Daniella alitangulia mbio. Henriette alikuwa ameketi juu ya kigoda katika uwanja wa Élise, karibu na mbabula, jiko la makaa, mwiko bado mkononi. Pipa lilikuwa pale kando yake, limefunikwa gunia. Élise, jirani yao, alikuwa amesimama mlangoni, amejishika mdomo.

"Mama, kuya. Bamejua yote. Anakuuliza."

"Nilisikia."

"Kuya basi ku nyumba."

Henriette akatikisa kichwa. "Ulinilomba nisikuwe pale. Nilikubali. Sasa unanilomba nikuwe. Minye haiko kiti ya kuhamisha, Daniella."

Alilisema hilo bila kupaza sauti. Daniella alipiga magoti chini, kwenye majivu. Ndipo lango la Élise likalia na Mama Anne akaingia, nyuma yake Kalombo, na nyuma kabisa Benoît.

Mama Anne aliliona pipa. Miguu yake ilisita. Kwa desturi yake angevuka barabara. Kisha akaja mpaka kwenye mbabula, na Élise akamletea kigoda cha pili, akaketi. Wale mama wawili wakatazamana.

"Njo weye mama ya Daniella?"

"Njo minye."

"Nilikula samaki yako."

"Nilisikia. Asante."

"Ulisikia na maneno ingine."

"Yote. Ua ni ya majani tu."

Mama Anne akaipangusa mikono kwenye kikwembe ingawa haikuwa na kitu. "Bwana yangu alianza kunywa wakati mushahara ilisimama. Kwanza macho yake ilienda. Nilikuwa namushika mukono kumupeleka choo, muntu mwenye alikuwa anafungua injini ya treni mu giza. Kila bibi mwenye kuuzisha lutuku, minye naonaka ni yeye alimushikia kikombe."

"Pengine ni minye," Henriette akasema. "Sijui majina ya bote."

Daniella akashtuka. Hata Kalombo alihema.

"Nakuambia vile ilivyo, mama. Kuko bamoya nabakatalia. Nikiona macho yake inaanza kuwa mweupe, namufukuza. Anaenda kwa mwingine, anakunywa kule, na minye nalala siku ile bila kitu ya kulisha batoto. Kesho anarudia. Hapo unifundishe weye, nifanye nini."

"Ungeuzisha mukate."

"Niliuzisha. Bantu ya hapa haitafute mukate, inatafuta kusahabu." Alikwangua ukoko wa sufuria kwa mwiko. "Sisemi iko muzuri. Bwana yangu alisema mu nyumba yake hapana. Iko na haki. Njo maana iko inje ya nyumba."

Mama Anne aliiangalia mikono ya Henriette, ile ngozi iliyobabuka ambayo sasa haikufichwa tena.

"Chakula yako ilikuwa muzuri," akasema mwishoni. "Na kinywaji yako ilimaliza nyumba yangu. Sijui hii maneno mbili niiweke wapi."

"Ata minye sijui. Nabipikaka pa moto moya."

Mama Anne akainuka. "Sitasema ndiyo leo. Lakini musifikiri ni juu ya lutuku. Na lutuku ningeweza kugombana, ata miaka. Ni juu ya hawa batoto mbili. Walitusikilia haya, weye na minye. Weye wakakuficha, minye wakanidanganya. Bantu wa namna ile bataanzisha nyumba gani?"

Benoît akasogea mbele.

"Mama Henriette. Pardon. Ni minye nilimwambia Daniella."

Henriette akamtazama juu mpaka chini, kwa mara ya kwanza, kwa kuwa siku zote alizokuja kumchukua Daniella alisimama barabarani akapiga mluzi.

"Njo weye Benoît," akasema. "Ulisikia haya juu yangu mbele ya kunijua."

Kijana akainamisha kichwa. Mama yake alimwita, akaenda. Langoni aligeuka kumtafuta Daniella kwa macho, lakini Daniella alikuwa bado amepiga magoti katika majivu, na hakuthubutu kumtazama mtu yeyote.

*

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ile Jumamosi, kwa sababu mama yake hakumfanyia kitu. Alimwekea chakula kama kawaida. Alimwamsha kwa saa yake. Daniella angependa apigwe, angependa atukanwe kwa jina la ukoo mzima. Badala yake alisikia tu, "Kula, utachelewa masomo," na mkate ukamgeukia udongo kinywani.

Gaston alikuwa na adhabu yake. Jioni ya Jumamosi ile alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, tai bado shingoni, akasema, "Henriette." Mkewe akajibu, "Kula kwanza." Hakuweza kula. Jumapili baada ya misa alilibeba pipa mwenyewe kutoka kwa Élise, akapita barabarani nalo mbele ya watu wote waliokuwa wanarudi kutoka kanisani, shati jeupe likiingia masizi. Hakueleza. Alilitua mahali pake, akaenda kubadili shati.

Kuhusu Benoît, Daniella alijikataza kumfikiria, na hakufaulu. Alimkasirikia kwa ule ukimya wa mezani. Kisha alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alinyamaza tangu Alhamisi, na hasira ikakosa pa kukaa. Usiku alinusa kiganja chake. Hakikuwa na harufu ya kitu chochote, ila sabuni.

Jumatano alasiri alikuwa ndani akisahihisha imla za wanafunzi wake aliposikia sauti nyuma ya nyumba. Benchi lilikuwa limejaa. Wanywaji walikuwa wamenyamaza ghafla, kama wanavyonyamaza akipita mgeni aliyevaa vizuri.

"Jambo, mama."

Kalamu ikamtoka mkononi. Akasogea mpaka penye dirisha, akasimama pembeni ya pazia.

Benoît alikuwa ameingia kwa lango, mchana kweupe, saa ambayo waumini wa kikundi chao hupita barabara ile kwenda kwenye maombi. Alikuwa amevaa shati lake la kuimbia kwaya.

"Jambo," Henriette akamjibu, bila kuacha kukoleza moto. "Daniella iko ndani."

"Sikuya kwa Daniella, mama. Nilikuya kwako."

"Kwangu bantu banakuyaka kukunywa."

"Minye sikunywake. Nilikuya kusalimia. Nilipashwa kukuya zamani."

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Nilimwambia mbele ya kutoka."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alinipa chumvi nikuletee." Akatoa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti. "Alisema, kama ni chumbi na nyanya tu, njo hii chumbi."

Mtu mmoja benchini akacheka, akajizuia. Henriette akakipokea kile kifurushi kwa mikono miwili, akakishika kwa muda. Kisha akamwonyesha benchi kwa kidevu. "Kaa."

Walevi wakajibana, Benoît akaketi kati yao, magoti pamoja, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nyuma ya pazia Daniella alitamani kutoka. Lakini pale nje walikuwepo baba za wanafunzi wake watatu, na mzee Mathieu mwenye sikio bovu aliyejua habari zote za kambi, na kila mmoja wao alikuwa amesikia jinsi mwalimu alivyomweka mama yake nyuma ya ua.

"Daniella," mama yake akaita.

Hakuitika.

"Daniella. Kuya hapa."

Akatoka. Jua lilimpiga usoni. Macho yote ya benchi yakamgeukia, na katikati yao yale makubwa yenye kope ndefu, mekundu sasa, yasiyomsihi kitu. Akasimama mbele ya moto, mikono haijui pa kwenda.

"Kuna mugeni hapa," Henriette akasema. "Hajui watu wa hii nyumba vizuri. Umwambie minye ni nani."

Daniella akafungua kinywa. Haya ilimpanda kutoka tumboni, moto, mpaka ikamtoka machoni, na hakuipangusa. Moshi ulipita kati yao.

"Ni mama yangu," akasema.

Sauti ilitoka ndogo, nusu yake imeliwa na kuni zilizokuwa zinapasuka. Benoît akainamisha kichwa. Henriette hakutabasamu. Alimtazama binti yake kitambo, kama anayeonja kitu kuona kama kimeiva.

"Sema tena," akasema. "Muzee Mathieu hakusikia."

Daniella akasema tena.